Siku Kumi na Tano za Kunyamaza

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo katikati ya kipindi cha kemia. Ilipiga bati kwa nguvu hadi mwalimu akaacha kufundisha, akakaa mezani akitutazama, nasi tukamtazama. Nimeamua kuandika shajara mpaka mvua ziishe.

Naandika kwenye daftari kwa sababu Mama ni mhadhiri wa usalama wa taarifa pale chuo kikuu. Ukilelewa na mtu wa namna hiyo unajua mapema kwamba daftari chini ya godoro halidukuliwi. Mama anasema hata hilo si kweli, inategemea nani anatandika kitanda.

Tunaishi wawili tu, katika nyumba za watumishi nyuma ya jengo la uhandisi.

Alhamisi, 7 Machi

Nikitoka shule naenda maktaba ya chuo kumsubiri Mama. Mimi si mwanafunzi wa chuo, lakini mkutubi wa chumba cha magazeti ya zamani ananiruhusu. Wanafunzi wanamwita Mzee Kimya kwa sababu kazi yake kubwa ni kuwaambia wanyamaze. Kwangu si mkimya hata kidogo. Mimi ananiita Msomaji.

Leo alinionyesha tena fahirisi yake. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiandika kwenye kadi kila jambo lililowahi kutokea katika magazeti ya chumba kile, ili mtu akitafuta kitu asifunue kurasa elfu. Ana masanduku arobaini na moja. Nilichomoa kadi moja bila kuchagua: “Mbuzi aliyepotea, tangazo la.” Inayofuata: “Mbuzi huyohuyo, kupatikana kwa.”

“Wewe unacheka,” alisema, “lakini mwenye mbuzi hakucheka.”

Miaka miwili iliyopita aliwapelekea Kamati ya Uchapishaji ya chuo sura za mwanzo. Hawajamjibu. Nilimuuliza kama anataka sana ichapishwe.

“Ichapishwe, isichapishwe, sawa. Ninachotaka mtu aisome. Ukurasa kwa ukurasa. Halafu aniambie haifai, nitashukuru.”

Jumamosi, 9 Machi

Mama amekasirika tangu asubuhi. Anatafiti jinsi watu wanavyodanganywa kwa barua pepe za hadaa. Yeye na msaidizi wake wanawatumia watumishi wa chuo barua za uongo, kwa kibali cha kamati ya maadili, kisha wanahesabu wangapi wamebonyeza na kuandika neno lao la siri. Neno lenyewe halihifadhiwi, ila tukio tu. Shida ni kwamba safari hii watu hawabonyezi.

Msaidizi wake alikuja kula nasi mchana. Jina lake la utani ni Kufuli, na analipenda.

“Barua za kutisha zimechoka, Daktari,” alisema. “Ukimwambia mtu akaunti yake itafungwa, anasema afadhali.”

Kwa kawaida wakizungumza kazi mimi natazama sahani. Leo sijui nini kilinipata. Nilisema watu hawashikwi na wanachokiogopa, kwa sababu wanachokiogopa wamekizoea. Wanashikwa na wanachokisubiri.

Mama aliweka kijiko chini. Ananisikiliza siku zote, lakini hajawahi kunisikiliza vile, kama anavyowasikiliza watu wa kazini.

“Niandikie,” alisema. “Barua tatu.”

Jumapili, 10 Machi

Nimeandika siku nzima. Ya kwanza inahusu ratiba ya likizo. Ya pili inahusu ofisi kubadilishwa. Zote mbili zilikuwa kavu kama mbao.

Ya tatu ilikataa kutoka mpaka nilipoacha kuwafikiria watumishi wote nikamfikiria mtu mmoja. Basi ikatoka yenyewe:

“Ndugu mwandishi, tunaomba radhi kwa ukimya wetu wa muda mrefu. Kazi uliyoiwasilisha tumeisoma yote, ukurasa kwa ukurasa. Imetufurahisha, na tungependa kuendelea nayo pamoja nawe. Tafadhali ingia hapa usome maoni ya wasomaji wetu.”

Mama aliisoma akiwa amesimama. Akasema, “Mwanangu, hii ni nzuri mno.” Nilikwenda chumbani nikalala chali, natabasamu peke yangu kama mtu asiye na akili timamu.

Jumanne, 12 Machi

Jaribio la hesabu. Mvua. Soksi hazikauki.

Ijumaa, 15 Machi

Kamati ya maadili imezipitisha barua zote tatu. Ya tatu itakwenda kwa watu mia mbili na kumi na wawili waliochaguliwa na kompyuta.

Nilikuwa ofisini kwa Mama wakati Kufuli anamalizia. Aliuliza, “Mtu akishaandika neno la siri, ukurasa unaofuata useme nini?” Mama alikuwa kwenye simu. Katika barua za zamani ukurasa ulisema tu haupatikani, na mtu akaenda zake. Kufuli alinigeukia: “Mwandishi mkuu, unasemaje?”

Nilisema ingekuwa ukatili mtu afike pale akute ukurasa mtupu. Nikamwandikia: “Asante. Kazi yako iko mikononi mwetu. Tutakuandikia barua rasmi.” Kufuli akaibandika. Mama alirudi, akaangalia kama kiungo kinafanya kazi, akasema sawa. Nadhani hakusoma.

Nimetia saini karatasi kwamba sitamwambia mtu yeyote. Watapewa ukweli wote kwa pamoja siku ya kumi na tano, tarehe 2 Aprili. Kabla ya hapo mmoja akijua anawaambia wenzake, na hesabu yote inaharibika. Nilielewa. Nilijivuna hata kutia saini.

Jumatatu, 18 Machi

Zimetumwa saa tatu asubuhi.

Jumanne, 19 Machi

Sijui nianzie wapi.

Niliingia chumba cha magazeti nikichuruzika maji, nikamwamkia Mzee Kimya. Hakuitika. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imening’inia. Nikadhani amefiwa.

“Msomaji,” alisema. “Wamesoma.”

“Nani, Mzee?”

“Kamati. Wameisoma yote.” Barua alikuwa ameichapa kwenye karatasi. Alinipa niisome. Nilisoma maneno yangu mwenyewe kuanzia juu mpaka chini. Sikujua niweke wapi macho nikimaliza, nikasoma tena.

Nilijua nilikuwa nikimfikiria yeye. Naapa sikuwahi kufikiri kwamba barua ingemfikia. Nilimfikiria kama unavyomfikiria mtu unapochora, halafu mchoro unautundika kwingine. Watumishi ni zaidi ya elfu moja.

“Maoni hayakufunguka,” alisema. “Lakini baadaye wameandika kazi iko mikononi mwao, barua rasmi inakuja. Mbona umenyamaza? Husemi hongera?”

Nikasema hongera.

Alinipa kiti chake. Alisema mvua hii itanitia homa, akaenda kutafuta taulo.

Jumatano, 20 Machi

Nilimwambia Mama. Alifungua kompyuta, akaifunga.

“Sikutakiwa hata kujua ni nani,” alisema. “Kila mtu ana namba tu. Namba hizo na majina viko kwenye faili lingine, na mimi silifungui.”

“Lakini sasa unajua.”

“Sasa najua.”

“Basi mwambie.”

“Nikimwambia mmoja, nimewadanganya mia mbili na kumi na mmoja bure. Watakuwa wameaibishwa na hakuna hata mtu mmoja atakayefaidika. Siku kumi na tatu zimebaki, mwanangu. Si nyingi.”

Kisha akauliza ule ukurasa wa asante umetoka wapi. Nikamwambia. Alifunika uso kwa mikono miwili. “Kosa ni langu,” alisema. “Ningesoma.” Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Ijumaa, 22 Machi

Sikwenda maktaba. Nimesema naumwa kichwa, na kimeanza kuuma kweli.

Jumatatu, 25 Machi

Jengo zima linajua. Mwanamke anayefagia ngazi ameniambia, “Babu yako ametoboa.” Mlinzi wa mlangoni anamwita Mtunzi. Mzee Kimya amevaa shati jipya, mstari wa kukunjwa dukani bado unaonekana kifuani. Wanafunzi walikuwa wanapiga kelele na hakuwaambia wanyamaze.

Nilikaa naye saa moja na nusu. Aliniuliza mambo kumi, nikamjibu yote kwa neno mojamoja. Alisema nimekua, wasichana wakikua wanaishiwa maneno.

Zimebaki siku nane.

Jumatano, 27 Machi

Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi ujao. Sikujua. Kila mwaka hujaza fomu ya kuomba kuongezewa, na fomu inatakiwa ofisi ya utumishi kabla ya saa kumi jioni ya keshokutwa, Ijumaa. Leo niliiona juu ya meza yake, tupu, ameiwekea kikombe juu.

“Hiyo sijazi,” alisema. “Kitabu kinataka mtu. Nitakaa nyumbani niisahihishe yote, sura baada ya sura, wakinipa barua wanikute tayari. Miaka kumi na tisa nimewatunzia magazeti yao. Inatosha.”

“Ungejaza tu, Mzee. Kwa tahadhari.”

“Tahadhari ya nini?”

Nikasema sijui.

Alhamisi, 28 Machi

Nilimsubiri Mama nje ya ukumbi wa mihadhara. Alikuwa anawafundisha mwaka wa kwanza. Mlango ulikuwa wazi, nikamsikia akisema kwamba mshambuliaji hodari havunji mlango, anabisha hodi kwa sauti unayoifahamu. Wanafunzi waliandika. Zamani ningeona fahari. Leo nilitaka anyamaze.

Nilimweleza habari ya fomu kwenye korido. Alibadilika rangi.

“Hili ni jambo lingine,” alisema. “Hili ni madhara. Kwa madhara, mwenyekiti wa kamati ya maadili anaweza kuniruhusu nimwambie mapema. Namwandikia sasa hivi.”

“Mwambie tu, Mama. Ni hatua mia mbili kutoka hapa.”

“Nikianza kuvunja utaratibu kila ninapoona huruma, nitakuwa nafanya wanachofanya wale ninaowatafiti. Nipe mpaka kesho.”

Nikampa. Mimi ni nani nisimpe.

Ijumaa, 29 Machi

Nataka kuandika hii polepole ili nisijifiche.

Niliruka kipindi cha mwisho. Sijawahi kuruka kipindi maishani. Nilikuwa chumba cha magazeti saa tisa kasoro dakika kumi. Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Fomu ilikuwa bado chini ya kikombe. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima: Mzee, ile barua si ya kweli, jaza fomu, nitakueleza. Maneno machache tu.

Alinikaribisha kwa furaha. “Afadhali umekuja. Nimeandika dibaji. Wewe una macho mazuri, nisahihishie.”

Kurasa tatu, kwa mwandiko wake mzuri. Nikasema ndani ya nafsi yangu: nisome kwanza, nikimaliza nimwambie. Dibaji ilianza vizuri. Nilimwambia sentensi ya pili ni ndefu. Akaikata. Nilimwambia aya ya nne inarudia ya kwanza. Akacheka, akasema kumbe Kamati wangeniajiri mimi. Kila niliponyanyua kichwa niseme, aliniuliza kitu kuhusu neno fulani, na mimi nilikuwa najua jibu. Ni rahisi mno kusema kitu unachokijua.

Saa tisa na nusu nilisema, “Mzee, ile barua.”

“Eeh?”

“Ulisema… imeandikwa vizuri?”

“Vizuri sana. Mtu aliyeiandika ni muungwana.”

Nikarudi kwenye ukurasa wa tatu. Nikabadilisha koma moja. Nikairudisha. Saa ya ukutani ilifika saa kumi, na nilikuwa nimeshika kalamu yake.

Mama alipokea jibu la mwenyekiti saa kumi na mbili. Ameruhusiwa. Aliniambia mlangoni, hata hajavua viatu, halafu akaniona uso.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua.

Jumanne, 2 Aprili

Wametumiwa ukweli saa tatu asubuhi. “Ndugu mshiriki, barua uliyopokea tarehe 18 Machi ilikuwa sehemu ya utafiti.” Chini kuna maswali matano ya kujibu kwa hiari na namba ya simu ya Mama. Tangu Ijumaa usiku Mama hakumpata Mzee Kimya kwenye simu, na maktaba imefunguliwa leo tu; alitaka kumfuata mwenyewe kabla ya saa tatu. Alikuta mlango umefungwa. Mzee alikuwa ghorofa ya chini, ameusoma ukweli kwenye kompyuta ya pamoja, watu wamemzunguka wakisubiri zamu.

Sikwenda.

Jumatano, 3 Aprili

Nimekwenda.

Alikuwa anapanga magazeti ya wiki kwenye rafu. Alivaa shati lake la siku zote. Nilimwamkia, akaitika vizuri tu.

“Mzee, barua ile niliandika mimi.”

Aliendelea kupanga mpaka rundo likaisha. Akakaa.

“Nilijua jana,” alisema. “Wewe unadhani nimeisoma mara ngapi? Mtu akisoma kitu mara thelathini anamfahamu aliyekiandika. Lile la ukurasa kwa ukurasa, humu ndani nimelisema kwa mtu mmoja.”

“Sikujua kama itakuja kwako. Kompyuta ndiyo iliyochagua.”

“Nakuamini.”

“Na Ijumaa nilikuja kukuambia.”

“Hilo ndilo linanipa taabu,” alisema, kwa upole kabisa. “Barua uliandika ukiwa mbali, hukuniona. Ijumaa ulikuwa umekaa hapo. Ulikuwa unanikatia sentensi.”

Nililia. Alisubiri. Hakunipa taulo wala hakunifukuza. Nilipoweza kuongea nilimwambia nitaisoma mimi, fahirisi nzima, masanduku yote arobaini na moja, ukurasa kwa ukurasa, hata ikichukua miaka.

“Ungeniambia hivyo mwezi uliopita,” alisema, “ningekaa juu ya paa nikaimba. Sasa nikikuona unasoma nitakuwa natazama unachukua nini.”

Halafu wanafunzi wawili waliingia wakicheka, na akawaambia wanyamaze.

Jumatatu, 8 Aprili

Mama amekwenda ofisi ya utumishi mara tatu. Nimejua leo tu, Kufuli ndiye aliyeniambia. Mara ya kwanza aliambiwa muda umepita. Mara ya pili alikwenda na barua ya mwenyekiti. Mara ya tatu alikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi mpaka walipofunga, daktari mzima wa falsafa, na mwavuli umevunjika. Nafasi ameshapewa mtu mwingine.

“Usimchukie mama yako,” Kufuli alisema. Hakutania hata kidogo. “Anajichukia vya kutosha.”

Simchukii. Nimeacha kumwona kama mtu anayejua kila kitu, basi. Leo amekaa jikoni akimenya viazi visivyohitajika, nikakaa nikamenya naye.

Jumatano, 17 Aprili

Kisa cha barua ya tatu kimekuwa habari njema huko kwa Mama na watafiti wenzake. Zaidi ya theluthi moja ya watu waliiamini. Hakuna barua iliyowahi kufika hapo. Mama anatakiwa kuiwasilisha kwenye mkutano. Amesema ataeleza na kosa lake, lote, mbele ya wote.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua zinaishia. Leo jua limekaa siku nzima.

Mzee Kimya ameondoka maktaba. Masanduku yamepakiwa kwenye gari asubuhi, nikiwa shule. Ameacha bahasha kwa Mama, si kwangu. Ndani kuna fomu ya kujitoa kwenye utafiti, ambayo kila mshiriki ana haki nayo. Akijitoa, kila kitu chake kinafutwa, asibaki hata kama namba. Mahali pa kuandika sababu pameachwa wazi.

Mama aliniita ofisini. Alisema hii ni mara ya kwanza kulifungua lile faili la majina, na hakutaka kulifungua peke yake. Alitafuta namba, kisha akaleta mstari wake kwenye kioo. Barua ilifunguliwa saa tatu na dakika nne. Ilibonyezwa saa tatu na dakika tano. Dakika moja tu.

Mwisho wa mstari kulikuwa na majibu. Sikujua kama alijibu yale maswali ya hiari. Alijibu siku ileile ya ukweli, saa tano asubuhi, yote matano, kwa sentensi kamili. Swali la nne liliuliza ni nini kilimfanya aamini barua. Wengine waliandika nembo ya chuo, au haraka, au hawakumbuki.

Yeye ameandika: “Ilikuwa imeomba radhi kwanza.”

Mama aliuliza kama nimemaliza kusoma. Nikasema ndiyo. Akafuta, na pale juu idadi ya washiriki ikawa mia mbili na kumi na moja.